Ufunguo wa Mama Yake Marni

Juma lililopita nilirudisha sare mbili, mkanda, tochi na simu ya upepo, nikatia sahihi mahali patano, na karani wa kampuni akanipa mkono kana kwamba nimefiwa. Umri umefika. Nimebakiza siku chache katika chumba cha wanawake hapa makazi ya kampuni, sanduku limekwisha fungwa, na wasichana wa zamu wananijia kila jioni: Mama Hawa, tuandikie unayoyajua, usiende nayo kwenu Tanga. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, havina cha kumfundisha mtu. Nitaandika juu ya funguo, maana ndizo zilizokuwa kazi yangu, na kuna mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka.

Siku yangu ya kwanza Dubai nilipangwa lango la wafanyakazi la hoteli moja ya Al Garhoud, kukagua mikoba ya wanawake wanapotoka kazini. Mlinzi mwanamume hawezi kupekua mkoba wa mwanamke, kwa hiyo nikawekwa mimi. Nilishtuka kutwa nzima. Vijiko nilivitarajia, sabuni nilizitarajia, lakini kuku mzima wa kuoka ndani ya kofia ya mpishi, bado wa moto, huyo sikumtarajia. Mwenye kofia aliniambia ni chakula cha paka. Nilimuuliza paka gani anayekula na limau, akaninunia mwaka mzima.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Khatib, mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye goti bovu. Siku hiyohiyo ya kwanza niliweka shada la funguo juu ya meza, kando ya kidirisha, nikageuka kumkagua mama mmoja wa usafi. Nilipogeuka tena, meza tupu. Funguo za stoo zote, siku ya kwanza! Nilitafuta chini ya meza, ndani ya viatu vyangu, na tena ndani ya mkoba wa yule mama asiye na kosa. Bwana Khatib akatokea nje ya kidirisha, ameshika waya wa kutundikia nguo alioupinda ncha, shada langu linaning'inia.

"Haya mwanangu, ushaibiwa," alisema. "Tena na mzee mwenye goti bovu. Mwizi mzima angekuchukulia na kiti."

Nilianza kujitetea, akanikata.

"Ufunguo haukai mlangoni wala dirishani. Unakaa ndani kabisa, pahala mkono haufiki wala mti haufiki. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Khalas. Sasa kamwombe radhi yule mama."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyodhani. Sisi tuliokulia Tanga tunawajua wezi wanaopenyeza mti mrefu wenye ndoano kwenye nondo za dirisha huku mwenye nyumba akikoroma. Asubuhi suruali haipo, simu haipo, na shada la funguo lililokuwa msumarini halipo, na kesho yake wanarudi kupitia mlangoni kama wageni. Maneno ya Bwana Khatib yaliniingia yakakaa, na kila niliyemfunza kazi baada yake nilimkaririsha maneno hayohayo. Wengi wenu mnaosoma hapa mliyasikia kwangu. Ndiyo maana naona aibu kidogo kuendelea, lakini nitaendelea.

Baada ya hoteli nilihamishiwa Dubai Marina, jengo refu ambalo ukisimama chini ukatazama juu unapata kizunguzungu. Huko ndiko nilikokabidhiwa ufunguo mkuu, ule unaofungua milango ya nyumba zote, na nilitembea nao kiunoni nikijiona mtu mkubwa. Kisa kigumu cha huko ni cha mzee mmoja mpangaji aliyeanguka bafuni. Mkewe alikuwa safarini, akapiga simu kutoka huko aliko akilia kwamba mumewe hapokei. Nilipanda na ufunguo mkuu, nikaufungua mlango, ukafunguka upana wa kiganja ukagoma. Mzee alikuwa amefunga mnyororo kwa ndani. Nilimsikia akiguna bafuni na sikuweza kumfikia. Mafundi walichelewa kuja na mkasi wa chuma, na kila dakika nilihisi mgongo wangu unachuruzika jasho ndani ya jengo lenye baridi ya mashine. Alipona, akaja kulalamika kwamba mlango wake umechubuliwa rangi. Niliandika kwenye daftari la matukio: mnyororo wa ndani ulichelewesha msaada. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza, nikafunga daftari, wala sikujifunza kitu.

Miaka yangu ya mwisho niliifanyia Jumeirah Village Circle, jengo la watu wa kawaida wanaotoka alfajiri na kurudi wamechoka. Hapo ndipo nilipokutana na Sumarni, sisi tukimwita Marni, mwanamke wa makamo kutoka kijiji cha mlimani kisiwani Java, Indonesia, aliyekuwa akisafisha ngazi na ukumbi. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha jikoni, na baada ya mwaka tulielewana hata kwa kukohoa. Aliniita Kak Hawa, yaani dada Hawa. Saa ya mapumziko tulikaa kwenye chumba changu cha walinzi, yeye juu ya ndoo aliyoipindua, mimi kwenye kiti, tukigawana wali wake wenye pilipili ya kutoa roho.

Siku moja aliangalia shada langu akacheka.

"Kak, funguo zote hizo za nini?"

"Za milango. Kwenu milango haina funguo?"

"Kwetu mlango una kijiti tu. Kwa ajili ya kuku."

"Kuku?"

"Wasiingie ndani."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza pikipiki wanazifungia wapi, akasema zinalala nje na ufunguo wake mlemle, maana jirani akipata mgonjwa atamwamsha mwenye pikipiki ya nini? Nikauliza mwizi je. Akaniuliza, mwizi gani? Alisema kwa sauti ya mtu anayeulizwa habari za simba. Mimi niliyekuwa nikikagua kofia za wapishi nilibaki na kijiko hewani.

Kisha akaniambia habari ya mchele, na hapo nilishtuka kweli. Kila nyumba kijijini kwao imetundika kikombe kidogo nje, barazani, ndani yake konzi ya mchele. Wanaume wa zamu ya ulinzi wakipita wanaumimina ule mchele kwenye mfuko mmoja, na mchele huo ndio unaowalisha wagonjwa na kupikwa misibani.

"Mchele, nje, usiku kucha!" nilimwambia. "Na hakuna anayeuchukua?"

"Wanauchukua walinzi."

"Mwingine, Marni!"

"Mwingine ana kikombe chake." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Kikombe kikiwa kitupu siku mbili, wanabisha hodi. Wanajua ndani kuna mgonjwa."

Na king'ora chao ni gogo. Gogo lililochongwa tumbo likawa wazi, linaitwa kentongan, limening'inizwa kwenye kibanda cha walinzi na linapigwa kwa rungu. Marni alisimama, akaipindua ndoo vizuri, akanipigia kwa vifundo vya vidole. Mawili mawili ni mwizi, alinifafanulia, na hilo wazee tu ndio wanakumbuka kulisikia. Matatu matatu ni moto. Manne manne bila kukoma ni mlima, yaani udongo unashuka, na hapo kila mtu hugusa kwanza mlango wa jirani yake kabla hajakimbia, wakutane uwanjani wahesabiane. Mwisho akanipigia pigo la salama, moja moja la taratibu, linaloharakisha kidogo kidogo mpaka linazimika. Nilitazama skrini zangu za kamera zilizojaa ukuta mzima. Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumefanya zoezi la moto, king'ora cha kupasua masikio, na nusu ya wapangaji hawakutoka vitandani. Mmoja alinipigia simu kuuliza kama moto unaweza kuahirishwa hadi Alhamisi.

Ningeishia kushangaa tu, haya yote yasingetokea. Lakini mimi siwezi kuona mlango bila kuwaza mwizi. Marni alikuwa amemjengea mama yake nyumba mpya ya tofali pale palipokuwa na ya zamani, akamwekea friji, televisheni na cherehani ya umeme. Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake. Nikamuuliza Marni: na vitu vyote hivyo, mama yako analala na kijiti cha kuku? Alicheka. Kesho yake nikamuuliza tena. Siku ya tatu hakucheka. Ile hofu ilitoka kwangu, nikaipanda kwake, nikaimwagilia maji.

"Kak Hawa, wewe ndiye mtaalamu," aliniambia. "Nichoree."

Nilichora nyuma ya fomu ya wageni, kwa kalamu nyekundu, na kusema kweli nilifurahia. Ukuta kuzunguka nyumba, geti la chuma lenye kufuli. Nondo nene madirisha yote, zimechomelewa, zisitoke. Mlango wa mbele uongezewe mlango wa nondo, ufungwe kwa ndani hata mchana, maana mwizi anapenda saa ya mtu kujinyoosha. Kamera sebuleni, Marni amwone mama yake kwa simu na waweze kusemezana. Kikombe cha mchele kiondolewe nje, kwa sababu kikombe kitupu kinamtangazia mwizi kwamba hakuna mtu. Na ufunguo, hapo niliandika kwa herufi kubwa, usikae karibu na mlango wala dirisha. Ukae chumba cha nyuma kabisa, ndani ya kopo, chini ya kitanda. Jiko lao lilikuwa la zamani, limeachwa ubavuni, linaingilika kutoka sebuleni, ukuta wake wa mianzi iliyosukwa na kufungwa kwa kamba kutoka nje. Juu ya jiko niliandika: BOMOA, JENGA TOFALI.

Fundi wa kijijini alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Mama alikataa. Alisema moshi utapita wapi, na tena asubuhi hupenda kusalimiana na Pak Darmo, yaani Bwana Darmo, mzee wa nyumba ya pili, kupitia mianzi ileile wakati kila mmoja anachemsha chai yake.

"Mama yako mbishi," nilimwambia Marni.

"Sana," alisema, na tukacheka.

Ukuta ulipokwisha, Pak Darmo alimpigia Marni simu hapa Dubai. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Nani amewakosea?" Marni alinitazama mimi, nami nikamjibia kwa ujeuri wangu: mwambie hakuna aliyetukosea bado. Sijui kama alimtafsiria. Najua tu kwamba walinzi wa zamu waliacha kupita pale, kwa sababu hapakuwa na kikombe, na geti lilifungwa.

Mama mwenyewe alitii kila kitu kama mtoto wa shule. Kila alfajiri ya huku alisimama mbele ya kamera akaisalimu, akanisalimu na mimi, Marni akinigeuzia simu. Akajifunza kufunga kufuli la ndani, kisha akatuonyesha ufunguo kabla ya kwenda kuuficha. Aliufunga uzi mwekundu. Nilimwinulia dole gumba.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya jua hapa, wapangaji wamekwenda kazini, saa tano asubuhi. Nilikuwa mezani ukumbini nikipokea vifurushi. Marni alikuja mbio kutoka ngazini, mikono ina povu, simu imeelekezwa kwangu kama kitu kinachounguza. Kwao ilikuwa saa nane mchana na mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa bila kupumua. Kabla sijaona picha nilisikia sauti. Ko-ko-ko-ko. Ko-ko-ko-ko. Sikuhitaji kufafanuliwa. Nilikuwa nimelisikia pigo lile kwenye ndoo.

Kwenye skrini mama alikuwa amesimama dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili, anazitikisa. Mwanamke mdogo, nguo ya kulalia mchana, kilemba kimelegea. Alikuwa amejinyoosha kitandani, akaamshwa na gogo, akakimbilia sebuleni kwenye mlango. Mlango umefungwa. Aliporudi kuchukua ufunguo, chumba cha nyuma, kile kilichoegemea mlima, kilikuwa kimekwisha ingiliwa. Mlango wa chumba haukusogea. Udongo ulikuwa umeukalia kwa upande wa pili.

"Mak! Ufunguo!" Marni alipiga kelele.

Mama aligeukia kamera. Alisema maneno machache, na nilimwomba Marni anitafsirie ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Anasema uko kwenye kopo, chini ya kitanda. Kama ulivyosema."

Sijawahi kupata pigo kama lile. Kiunoni mwangu kulikuwa na shada la funguo za jengo zima, naweza kufungua mlango wowote wa ghorofa zote, na mama wa watu amenaswa nyuma ya mlango nilioufunga mimi kwa kalamu nyekundu. Maji ya matope yalianza kupenya chini ya mlango wa chumba, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya cherehani. Nilisikia mtu anagonga geti kwa nguvu nje na kuita, kisha sauti ya mvua juu ya bati ikammeza. Mama aliita na yeye. Yule wa nje hakusikia. Gogo liliendelea. Halafu picha ikaganda, mama amefungua mdomo, na simu ikaandika kwamba kamera haipatikani.

Marni alipiga simu kila namba aliyoijua kijijini. Hakuna aliyepokea. Mimi nilimwambia watamtoa, bila kuamini neno langu, kwa sababu nondo zile nilizichagua mwenyewe na nilisisitiza ziwe zile nene. Mpangaji mmoja alishuka, akateleza kidogo kwenye povu alilodondosha Marni, akaja mezani amekunja uso.

"Hello, security? Nani anasafisha hapa? Floor imelowa!"

"Sir, subiri."

"Nisubiri nini? Nitapiga simu management."

"Piga!" nilimpigia ukelele. "Piga, sir, lakini ondoka mbele yangu!"

Miaka yote ya kazi sikuwahi kumpandishia mpangaji sauti. Nilipata barua ya onyo, ipo sandukuni, na ndiyo karatasi pekee ya kampuni ninayokwenda nayo nyumbani.

Tulikaa chumba cha walinzi, Marni juu ya ndoo, simu mapajani. Hakulia. Alikuwa anagonga ndoo kwa kidole bila kujijua, taratibu, pigo la salama. Nilitaka kumwambia mimi ndiye niliyefanya hivi, na kila nilipofungua mdomo kifurushi kingine kilifika, nikaenda kutia sahihi, nikarudi. Watu walipita ukumbini wakiulizia lifti. Nilikuwa nawajibu, sijui niliwajibu nini.

Simu ililia kabla ya Alasiri. Ni Pak Darmo. Marni alisikiliza, akaweka kiganja kinywani, na uso wake sikuweza kuusoma, nikajua ndiyo basi. Kisha nikasikia kutoka kwenye simu sauti nyembamba ya mwanamke mzee, inalalamika. Mama alikuwa analalamika kwamba amepoteza kandambili moja.

Nililia mimi. Marni ndiye aliyenibembeleza.

Baadaye tulielezwa. Aliyegonga geti ni Pak Darmo, alikuja kugusa mlango wa jirani yake kama desturi yao inavyotaka, akakuta hapagusiki. Alidhani wenye kamera wameonywa mapema na mama ametangulia. Uwanjani walipohesabiana nyumba kwa nyumba, nyumba moja ikakosa mtu. Akarudi na wanaume wengine watano huku mlima unanguruma. Ukuta waliupanda. Nondo za mlango walizivuta mpaka viganja vikachanika, hazikutikisika. Fundi alikuwa amenitii vizuri. Ndipo Pak Darmo akakumbuka mahali anaposalimiana naye kila asubuhi. Walizunguka jikoni, wakakata kamba kwa panga, na ukuta wa mianzi ukatoka mzima kama mkeka unaokunjuliwa. Mama alitoka kwa miguu yake. Jioni ya huko vyumba vitatu vilijaa udongo hadi kwenye dari, na nondo zikiwa zimesimama palepale, imara.

Nilimwambia Marni yote siku ile ile. Nilimwambia hofu ilikuwa yangu, mchoro wangu, kopo langu. Nilimwambia na habari ya mzee wa mnyororo, niliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kak, hata mimi nilicheka kuhusu mianzi." Hakuniongezea neno la lawama, na hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Mwezi uliofuata aliacha kazi akarudi kwao.

Tangu hapo, nyinyi mliofanya kazi chini yangu mtakumbuka, niligeuka kero. Nilipita kila mlango wa dharura nikiusukuma kwa kiwiko kuona kama unafunguka bila ufunguo. Nilimwandikia meneja juu ya kufuli la mlango wa paa mara saba hadi likatolewa. Niliwalazimisha mjue majina ya wazee wanaoishi peke yao, na mkaninong'ona kwamba Mama Hawa sasa amekuwa mjumbe wa nyumba kumi. Nilisikia. Fundi wangu wa Tanga naye alipiga simu kuuliza nondo za nyumba yangu azichomelee. Nilimwambia kila dirisha la kulala litiwe nondo zenye bawaba na komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mtupu. "Mama, na wezi?" aliuliza, ameshtuka. Nilimwambia wezi nawajua kabla yeye hajazaliwa, aweke komeo.

Nilifikiri mambo yangu na kijiji kile yamekwisha. Mpaka jana, Marni akanipigia kwa video. Wanakijiji wamemjengea mama kibanda cha mianzi upande wa chini, mbali na mlima, na wanafukua nyumba ya zamani kidogo kidogo kuokoa tofali na bati. Mama alikuwa amekaa mbele ya simu, amepakata kopo la biskuti lililobonyea, lina kutu. Walikuwa wamelifukua asubuhi hiyo. Alilifungua kwa kucha, akatoa ufunguo wenye uzi uliokuwa mwekundu, akauinua mbele ya uso wake ili niuone, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kwenda kuuficha. Akaongea kwa muda mrefu, taratibu, bila kejeli hata chembe.

"Mak anasema hakuna aliyeuiba," Marni alinitafsiria. "Ulikuwa palepale, ndani kabisa, kama ulivyomfundisha. Lakini hapa mlango hauna kufuli. Anauliza, Kak Hawa, sasa auweke wapi?"

Swali hilo nimelijibu maisha yangu yote ya kazi, hata ungeniamsha usingizini ningekujibu. Mkono wangu ulikwenda kiunoni, mkanda na shada havipo. Marni alidhani mtandao umekatika, akaita, "Kak? Unanisikia?" Nilimsikia. Nikamwambia: mwambie Mak ampe Pak Darmo.

Mama hakungoja hata nimalize kutafsiriwa. Jina lile alilielewa. Alinyoosha mkono nje ya picha, na mkono mwingine wa kizee, wenye kovu kiganjani, ukaupokea.